Bwawa Linakuja, Bomba Je? Maswali ya Wasomaji kuhusu Maji ya Dar es Salaam

Barua tulizochagua safari hii zinagusa jambo moja kwa sura tofauti: jiji linapangaje maji ya miaka 20 ijayo, na mbona bomba la uani halina habari na mipango hiyo. Baadhi ya maswali tumeyafupisha.

Ruvu imepanuliwa, mbona Mbezi bado mgao?

*Habari za kazi. Naishi Mbezi Makabe, nyumba iko kilimani. Wenzetu wa bondeni, hata mita 200 hazifiki, wanapata maji karibu kila siku. Sisi ni Jumanne na Ijumaa usiku, tena yanachuruzika. Tuliambiwa mitambo ya Ruvu imepanuliwa. Maji yanaishia wapi?*
— Mama mwenye nyumba, Mbezi Makabe

Mama, mitambo imepanuliwa kweli. Ruvu Juu, ule wa Mlandizi, ulitoka lita milioni 82 kwa siku ukafika milioni 196. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ulitoka milioni 180 ukafika milioni 270. Jumla ni lita milioni 466 kwa siku. Ila lita zinazotoka mtamboni ni jambo moja, na msukumo unaofika kilimani kwako ni jambo jingine.

Kila mita 10 za kupanda hula bar 1 ya msukumo. Tuseme bomba la barabarani lina bar 2 na nyumba yako iko mita 15 juu yake. Unabakiwa na nusu bar, na hapo msuguano wa njiani hatujautoa. Jirani wawili wa chini wakifungulia simtanki zao kwa pamoja, hiyo nusu imekwisha. Hawakuibii, maji yanafuata kwenye wepesi. Ndiyo maana kwako yanakuja usiku, wa chini wakishajaza.

Halafu kuna msuguano wenyewe, ambao wengi huupuuza. Ukipitisha maji mara mbili zaidi kwenye bomba lile lile, msukumo unaopotea hauwi mara mbili, unakaribia mara 3.6. Bomba lililolazwa mtaa ukiwa na nyumba 60 haliwezi kulisha nyumba 200 kwa msukumo ule ule, hata Ruvu ikiongezwa mara tatu.

Kosa tunaloliona sana mitaani ni watu kuchangishana na kuvuta laini nyingine nyembamba kutoka kwenye bomba lile lile lililokwishachoka. Fanya hesabu: bomba la poli (plastiki) la milimita 25, urefu wa mita 300, ikipitisha lita 12 tu kwa dakika, inakula takriban mita 8 za msukumo. Na kilima hujakipanda bado. Fedha imekwenda, maji ni yale yale.

Dawa ya miinuko ni kuitenga. Kilima kipewe tenki lililo juu yake au pampu yake, na bonde lifungiwe vali ya kupunguza msukumo ili lisimalize kila kitu. Tenki la Bangulo, lenye ujazo wa lita milioni 9, limejengwa kwa mantiki hiyo: maji yapande kwanza mahali pa juu, yatulie, ndipo yashuke mitaani yenyewe. Tenki pia linajazwa usiku watu wamelala na kutumika alfajiri kila mtu anapooga. Kanuni ya kawaida ni kuwa na akiba ya angalau robo ya matumizi ya siku kwa kusawazisha tu. Ukitaka akiba ya siku mtambo ukizimika umeme, lenga nusu siku.

Kwa sasa, nunua geji ya msukumo inayofungwa kwenye koki ya bomba. Siku za maji yenu, soma saa 8 usiku na saa 1 asubuhi, uandike kwenye daftari kwa wiki tatu, na jirani wa bondeni afanye hivyo hivyo. Mpeleke madaftari yote mawili ofisi ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ya eneo lenu. Barua yenye namba ni ngumu kuijibu kwa "tunalifanyia kazi".

Mahitaji ya miaka 20 yanapigwaje hesabu?

*Shikamooni. Nasomea uhandisi wa maji. Kwenye zoezi la kukadiria mahitaji ya Dar es Salaam kwa miaka 20, darasa zima lilipata majibu tofauti. Mnaanzia wapi?*
— Mwanafunzi, Ubungo

Marahaba. Majibu kutofautiana si ajabu, ila lazima ujue yanatofautiana kwa sababu gani.

Anza na watu. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728. Ya 2012 ilikuwa 4,364,541. Ongezeko ni 2.1% kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, mwaka 2042 jiji litakuwa na watu kama milioni 8.16. Mpe kila mtu lita 80 kwa siku (hiki ni kiwango cha mfano, chako kitokane na aina ya nyumba na namna watu wanavyopata maji) upate lita milioni 653. Ongeza robo kwa ajili ya viwanda, hoteli, shule, hospitali na ofisi: milioni 816.

Sasa upotevu, na hapa ndipo darasa hugawanyika. Ukisema 25% ya maji yanayoingia kwenye mtandao yanapotea, usizidishe kwa 1.25. Gawanya kwa 0.75. Upotevu unahesabiwa juu ya kilichozalishwa, si juu ya kilichotumika. Utapata lita milioni 1,088. Upotevu ukiwa 40%, unagawanya kwa 0.6 na kupata milioni 1,360. Aliyezidisha kwa 1.4 amepata 1,142 na ameshapunja jiji zaidi ya lita milioni 200 kwa siku kabla hajachora bomba hata moja.

Tazama pia tofauti kati ya 1,088 na 1,360. Ni lita milioni 272 kwa siku. Mtambo mzima wa Ruvu Chini ni milioni 270. Watu walewale, matumizi yaleyale. Kilichobadilika ni ubora wa mabomba na dira za maji tu.

Baada ya hapo kuna vizidishio. Mtambo na bomba kuu hupimwa kwa siku ya matumizi makubwa; 1.2 ni kizidishio cha kuanzia. Mabomba ya mitaani hupimwa kwa saa ya kilele, mara 2 au zaidi ya wastani. Ukitumia kizidishio cha saa kwenye bomba la kilomita 50 kutoka Ruvu, umelinunua kubwa kupita kiasi. Ukitumia cha siku kwenye bomba la mtaa, umewarudisha Makabe kwenye Jumanne na Ijumaa.

Tahadhari kubwa ni kuamini kasi moja ya ongezeko. Kati ya 2002 na 2012 jiji lilikua kwa 5.6% kwa mwaka. Aliyetumia kasi hiyo kutabiri 2022 alipata watu milioni 7.5. Waliohesabiwa ni milioni 5.4. Kwa hiyo weka makisio matatu: ya chini, ya kati na ya juu. Panga miradi ya kuongezwa kipande kwa kipande, na rudia hesabu kila miaka 5. Ardhi na njia ya bomba pekee ndivyo vichukuliwe mapema kwa kisio la juu, maana nyumba zikishajengwa hutavipata tena. Tena usisambaze ongezeko sawasawa jiji zima. Kariakoo haikui kama Chanika au Goba. Hesabu ifanyike kata kwa kata. Na kumbuka kwamba DAWASA inahudumia pia Kibaha na Bagamoyo. Sensa ya mkoa peke yake inakupunja.

Bwawa la Kidunda litamaliza mgao?

*Kila mwanasiasa akisimama ni Kidunda. Naomba jibu la kitaalamu, si la jukwaani.*
— Msomaji, Tegeta

Litamaliza mgao wa aina moja, ndugu yetu. Wa aina nyingine haligusi kabisa.

Rudi Oktoba 2022. Vuli ilichelewa, maji ya Mto Ruvu yakapungua sana, uzalishaji ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi karibu milioni 300, jiji likaingia kwenye ratiba ya mgao. Mitambo ilikuwa mizima. Kilichopungua ni maji ya mto. Kidunda, linalojengwa mkoani Morogoro na ambalo mkataba wake ulisainiwa Novemba 2022, limekusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190. Pengo la 2022 lilikuwa lita milioni 166 kwa siku. Ukame wa namna ile ukidumu siku 100, pengo ni lita bilioni 16.6. Hata ukitoa maji yanayopaa kwa jua, yanayonywewa na ardhi njiani, ya wakulima wa kando ya mto, na yale ambayo lazima yaachwe yafike baharini ili chumvi isipande mtoni, bwawa linabaki na nafasi kubwa. Kwa ukame, hiyo ni bima nzuri.

Ila hakuna bomba linalotoka Kidunda kuja mjini. Maji yanafunguliwa bwawani, yanashuka na mto wenyewe hadi kwenye vidaka-maji vya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mitambo ikibaki ya lita milioni 466, bwawa likifurika utapata milioni 466. Mgao wa Makabe tuliouona hapo juu hautajua kama bwawa limejaa au liko tupu.

Jambo la pili halisemwi sana: tope. Ruvu inatoka Milima ya Uluguru, na miteremko ikilimwa bila matuta, udongo unaishia bwawani na kupunguza ujazo mwaka hadi mwaka. Tope likifika mtamboni linataka dawa nyingi zaidi za kugandisha uchafu na kuosha vichujio mara kwa mara, na kila uoshaji unatumia maji yaliyokwisha kusafishwa. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Bajeti ya kuwawezesha wanakijiji wa Uluguru kuilinda hiyo mita 60 ingepaswa kukaa ndani ya bajeti ya bwawa, kwenye mstari wake.

Maji yanapotelea wapi, na unayakamataje?

*Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa, Tabata. Tunaona bomba limepasuka, tunapiga simu, linazibwa, wiki ijayo limepasuka mita 10 mbele. Je, kuna namna ya kupanga au ni kukimbizana tu?*

Kukimbizana ndiko kunakokula fedha, mheshimiwa. Namna ya kupanga ipo, nayo ni kuligawa jiji katika kanda ndogo zenye mlango mmoja wa maji: wateja 500 hadi 3,000, mipaka yote ikafungwa kwa vali, na dira kubwa mlangoni. Dira hiyo ikae kwenye bomba lililonyooka, urefu wa angalau kipenyo mara 10 kabla yake na mara 5 baada yake. Ukiifunga jirani na elbo, inasoma uongo na utahukumu kanda kwa ushahidi wa uongo.

Kisha soma kati ya saa 8 na saa 10 usiku. Tuseme kanda ina wateja 1,200 na dira inaonyesha uniti 18 (uniti moja ni lita 1,000) zinaingia kwa saa. Matumizi halali ya usiku, choo kimoja hapa na pale, weka lita 2 kwa kila mteja kwa saa: kwa kanda nzima ni uniti 2.4, tuseme 3 kwa kukadiria juu. Zinazobaki, uniti 15, zinavuja. Kwa siku usizidishe kwa 24, kwa sababu usiku msukumo huwa juu na uvujaji mkubwa kuliko mchana, tumia 20. Uniti 300 kwa siku, sawa na lita 300,000. Kwa lita 80 kila mmoja, ni watu 3,750.

Hapo kuna mtego wa Dar es Salaam ambao vitabu vingi havina. Kwetu, usiku ndio simtanki zinajazwa. Ukipima kwenye kanda yenye mgao, unapima kiu ya matenki ukidhani ni mabomba yanayovuja. Ipe kanda maji mfululizo siku tatu au nne, matenki yajae na maboya yafunge, ndipo upime. Fundi atakayekwambia amepima kanda ya mgao kwa usiku mmoja, mwombe arudie.

Ukijua kanda inavuja, funga vali za ndani moja moja usiku huo huo. Kipande ambacho kikifungwa dira inashuka ghafla ndicho cha kwenda kusikiliza kwa kifaa. Mambo yanayoharibu zoezi ni yaleyale: vali ya mpakani inayopitisha maji ingawa imefungwa, chemba iliyofukiwa na lami, na laini ya vishoka inayoingia kutoka kanda ya pili.

Kuhusu bomba kupasuka mita 10 mbele: ukizima na kufungulia maji mara mbili kwa wiki, kila safari hewa inabanwa mbele ya maji na kusukumwa hadi ipate pa kutokea. Pasipo na vali ya hewa kwenye kilele cha laini, pa kutokea ni jointi dhaifu. Anayefungulia vali kwa pupa anamalizia kazi. Vali kubwa ifunguliwe taratibu, kwa dakika 15 au zaidi, na koki za mwisho wa laini ziachwe wazi hewa itoke. Hewa hiyohiyo huzungusha dira za wateja, na malalamiko ya "nalipia upepo" yana ukweli ndani yake.

Jambo rahisi kuliko yote ni kupunguza msukumo usiku. Kwenye mabomba ya plastiki, uvujaji hushuka walau kwa uwiano wa msukumo: ukitoka bar 6 kwenda bar 4, theluthi ya uvujaji imekwisha bila kuchimba shimo. Wala tundu dogo usilidharau. Tundu la milimita 5 kwa bar 4 hutoa zaidi ya lita 1,000 kwa saa.

Tuchimbe visima tu?

*Kwa nini kila mtaa usiwe na kisima chake tukaachana na Ruvu?*
— Kijana wa Mbagala

Visima vifupi ni vya dharura. Baada ya ukame wa 1997 jiji lilichimba vingi, na vya karibu na pwani vimekuwa na tatizo la chumvi: ukivuta kwa kasi kuliko mvua inavyorudisha, bahari inajaza nafasi. Vya uswahilini vina jirani mwingine, shimo la choo. Maji ya kina kirefu ya Kimbiji na Mpera, yanayofuatwa hadi mamia ya mita chini, ni habari tofauti, na Kigamboni tayari inanufaika. Hayo nayo yanataka visima vya uangalizi pembeni, kina na chumvi vipimwe kila mwezi. Yeyote anayechimba aanzie Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kwa kibali.

Fedha ni kidogo. Kianze nini?

*Swali la mfanyabiashara: mngepewa bajeti isiyotosha, mngeweka wapi shilingi ya kwanza?*
— Msomaji, Kariakoo

Kwenye dira. Dira za kutokea mitamboni, za kuingia kanda, kisha za wateja, hasa wakubwa. Dira ya nyumbani ya kuzunguka ikishafikisha miaka 7 hadi 10 huanza kulala, inahesabu pungufu. Kwa mteja wa uniti 10 si kitu. Kwa hoteli ni fedha ya maana. Kiwango cha upotevu ambacho EWURA, mdhibiti wa huduma za maji na nishati, inakiona kinavumilika ni 20%, na huwezi kukikaribia bila kujua unapoteza wapi. Sambamba na dira iende ramani ya mabomba na vali. Kazi hiyo ya miaka mitatu haina utepe wa kukata, ndiyo maana huahirishwa.

Zifuate tenki za miinuko na mabomba ya kuunganisha kanda. Kubadilisha mabomba kuwe kwa kila mwaka: bomba likihesabiwa miaka 50, kila kilomita 1,000 za mtandao zinataka kilomita 20 mpya kwa mwaka, hata mwaka wa uchaguzi. Ramani ya mabomba ikae mezani na wakala wa barabara, TANROADS na TARURA, kabla lami haijamwagwa. Upanuzi wa barabara ya Kimara hadi Kibaha ulilazimu mabomba kuhamishwa, na kuhamisha bomba lenye maji ni ghali kuliko kuacha nafasi tangu mwanzo.

Na chanzo kipya? Kianze leo kwa makaratasi, kimalizwe mwisho kwa zege. Mto Rufiji unatajwa kama chanzo cha baadaye. Kupima mto kwa misimu kadhaa, tathmini ya mazingira, fidia ya njia ya bomba na kutafuta mkopo vinaweza kula miaka 10. Ukisubiri kiu ndipo uanze, utajenga kwa haraka na kwa bei ya haraka.

Simtanki ya ukubwa gani?

*Tuko sita nyumbani, maji yanatoka Jumanne na Ijumaa. Fundi ananiambia lita 1,000 zinatosha na niweke pampu ivute moja kwa moja kwenye bomba la barabarani.*
— Baba wa familia, Goba

Watu 6 kwa lita 80 ni 480 kwa siku. Pengo refu ni Ijumaa hadi Jumanne, siku 4: lita 1,920. Ongeza siku moja ya dharura, 2,400. Weka 2,000 chini na 500 juu. Ya chini iingize maji kwa boya bila pampu, na pampu ivute kutoka humo kupeleka juu. Lita 2,000 ni tani mbili, kwa hiyo zege la kitako liwe pana kuliko tenki na udongo ushindiliwe kwanza. Bomba la kufurika lifungwe wavu mwembamba, mbu wa dengue anapenda sana tenki safi.

Pampu kwenye bomba la barabarani, mkatalie. Ikivuta laini isiyo na msukumo inafyonza kupitia kila ufa, na ufa uliolala kwenye mtaro wa maji machafu unaingiza ya mtaroni. Hayo yanafika kwanza kwako, kisha kwa majirani.